Fyuzi na breka, relei za mwelekeo, au relei za kulinganisha? Kuchagua kinga ya gridi ndogo Nairobi

Kuanzia Kasarani hadi Lang'ata, ploti nyingi za kupangisha, shule na magodauni sasa yana vyanzo vitatu vya stima: laini ya Kenya Power, sola yenye betri na inveta, na jenereta nyuma ya ukuta. Vyanzo hivyo vikishaungwa kwenye bodi moja na kulisha majengo kadhaa, mwenye mali tayari ana gridi ndogo, hata kama hajawahi kuiita hivyo. Pesa huishia kwenye paneli na betri. Kazi ya kukata stima shoti ikitokea huachiwa breka zilizokuwapo tangu jengo lilipojengwa, na breka hizo zilichaguliwa wakati chanzo kilikuwa kimoja tu.

Makala hii ni ya mwenyekiti wa kamati ya ploti, bwana fedha wa shule, au fundi aliyeletewa makisio matatu yanayotofautiana sana bei na hajui atetee lipi. Kila moja lina mahali pake. Yanayolinganishwa ni haya:

Fyuzi na breka zilizopangwa kwa ngazi. Breka kubwa kwenye bodi kuu, ya kati kwa kila jengo, ndogo kwa kila nyumba. Iliyo karibu na ubovu inatakiwa kukata kwanza.

Relei za mwelekeo na volteji. Relei ni kifaa cha kupima kinachoiamuru breka ikate. Hizi hupima ukubwa wa mkondo, upande unakotoka, na jinsi volteji ilivyoshuka.

Relei za kulinganisha. Hupima mkondo mwanzoni na mwishoni mwa kebo au sehemu fulani. Kinachoingia kisipolingana na kinachotoka, zinakata. Ni kazi ya bawabu anayehesabu magari yanayoingia na yanayotoka: hesabu isipokubaliana, kuna gari lililobaki ndani.

## Kwa nini chanzo ndicho kinachoamua

Kabla ya vigezo kuna hesabu moja ya kuelewa, kwa sababu yote yanayofuata yanatokana nayo.

Tuseme ploti ya Kasarani inalishwa na transfoma ya kVA 315 (kVA ni kipimo cha uwezo wa chanzo) yenye ukinzani wa asilimia 4.5. Shoti ikitokea hapo hapo kwenye vituo vya transfoma, mkondo unaweza kupita ampea 9,000. Kadiri shoti inavyokuwa mbali ndivyo kebo inavyoupunguza, lakini bado ni mkondo mkubwa. Breka yoyote nzima yenye uwezo wa kuukata itauona na kukata mara moja.

Sasa stima ya Kenya Power ipotee, kama ilivyopotea karibu nchi nzima usiku wa 25 Agosti 2023. Ploti inabaki kwenye inveta ya kVA 100. Mkondo wake wa kawaida kwa volti 415 ni ampea 139 kwa kila fezi. Inveta hujilinda yenyewe: vifaa vyake vya kielektroniki haviwezi kubeba mkondo mkubwa, kwa hiyo huubana. Nyingi hutoa mara 1.1 hadi 2 tu ya kiwango chake hata kukiwa na shoti. Ikibana kwa mara 1.2, shoti nzima itapata ampea 167.

Weka ampea hizo 167 mbele ya breka ya jengo ya ampea 100 ambayo sehemu yake ya kukata papo hapo imewekwa kwenye mara 10, yaani ampea 1,000. Haitasikia kitu. Sehemu yake ya joto itaanza kupasha polepole, na huenda ikachukua dakika. Kwa breka hiyo, shoti inafanana na jioni ambayo kila mtu amewasha hita ya maji ya kuogea.

Jenereta iko katikati ya hali hizo mbili. Mwanzoni hutoa mara 5 hadi 8 ya kiwango chake, kisha mkondo unashuka haraka. Jenereta yenye kisisimuo (sehemu inayoipa sumaku) cha kujitegemea hushikilia karibu mara 3 kwa sekunde kama 10. Ile ya bei nafuu inayojisisimua kutokana na volteji yake yenyewe huishiwa nguvu, kwa sababu shoti imeiangusha volteji hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza anayekuletea makisio si aina ya breka. Mwulize: kinga hii itafanya nini saa nane usiku, Kenya Power haipo, jenereta haijawaka, na betri peke yake ndiyo inayolisha?

## Vigezo

Nitatumia vinne: inaonaje hitilafu kila chanzo kinapobadilika, inakata sehemu mbovu pekee au inazima ploti nzima, gharama na vipuri, na nani ataitunza baada ya mkandarasi kuondoka. Usalama wa mtu anayeguswa na stima nimeuweka peke yake baadaye, maana huo hauchaguliwi.

## Inaonaje hitilafu?

Fyuzi na breka zinategemea ukubwa wa mkondo tu. Kwenye laini ya Kenya Power zinafanya kazi vizuri kabisa, na fyuzi hasa ina sifa isiyotajwa vya kutosha: fyuzi za viwandani za aina ya NH hukata salama shoti ya makumi ya maelfu ya ampea, wakati breka nyingi za majumbani zimeandikwa 6 kA au 10 kA, yaani ampea 6,000 au 10,000. Breka ya 6 kA ikifungwa karibu na transfoma ya mfano wetu inaweza kupasuka badala ya kukata. Soma namba hiyo kabla ya kulipa.

Kwenye inveta ndipo udhaifu unapojitokeza, lakini haujitokezi sawa kila mahali. Breka ya nyumba moja ya ampea 32, aina ya C, hukata papo hapo kati ya mara 5 na 10, yaani ampea 160 hadi 320. Ampea 167 za inveta yetu zinaweza kuikata au zisiikate, ni bahati nasibu. Breka hiyo hiyo ya aina ya B hukata kati ya mara 3 na 5, yaani ampea 96 hadi 160. Hiyo itakata. Kubadilisha aina ya breka za nyumba ni kazi ya fundi mmoja na inatatua sehemu kubwa ya tatizo ngazi ya chini. Angalia tu mota: pampu na friji kubwa huvuta mkondo mwingi zinapoanza na zinaweza kuiangusha aina ya B bila sababu. Hizo ziachie saketi yake. Kebo kubwa kati ya bodi kuu na majengo, kwa upande mwingine, haisaidiki kwa ujanja huu.

Relei za mwelekeo na volteji zina macho zaidi. Mkondo wa ampea 167 unaweza kuwa mzigo wa kawaida, lakini mkondo huo huo volteji ikiwa imeporomoka hadi theluthi ni hitilafu, na relei inaweza kuambiwa hivyo. Relei za kidijitali pia huhifadhi makundi kadhaa ya mipangilio. Waya mdogo kutoka kwenye breka kuu ya Kenya Power unaiarifu relei kwamba laini haipo, na yenyewe inahamia kundi la pili lenye viwango vya chini. Wengi hulipia relei hizi kisha wakaachiwa kundi moja tu limejazwa. Hapo umenunua breka ya bei ghali.

Kuna jambo la kiufundi ambalo muuzaji hatakutajia. Relei hujua upande wa hitilafu kwa kulinganisha pembe ya mkondo na ya volteji, na hesabu hiyo ilitungwa kwa ajili ya jenereta zinazozunguka. Inveta huamua pembe yake kwa programu yake yenyewe, na nyingi hazitoi ile mikondo isiyolingana baina ya fezi ambayo relei huitegemea kutambua shoti ya fezi mbili. Relei inaweza kuelekezwa vibaya. Mkandarasi aonyeshe kwamba relei aliyoichagua imejaribiwa na inveta hiyo hiyo, au atumie kushuka kwa volteji kama kigezo kikuu na mwelekeo kama msaada.

Relei za kulinganisha hazijali haya yote. Mkondo ukiwa mdogo au mkubwa, ukitoka Kenya Power au kwenye betri, kinachoingia kwenye kebo bila shoti lazima kitoke. Kwa kigezo hiki peke yake hazina mpinzani. Lakini zinaona sehemu iliyo kati ya vipimo vyake tu. Jirani akiunga saluni katikati ya kebo bila kupimwa, relei itaihesabu saluni kama hitilafu. Kwenye ploti ambazo watu huunganisha ovyo, hili si jambo dogo.

## Inakata sehemu mbovu pekee?

Hapa picha hubadilika usipotarajia. Shoti ikitokea kwenye gridi inayolishwa na inveta na breka zisikate, mara nyingi inveta yenyewe hujizima baada ya muda mfupi kwa sababu volteji imeanguka. Kwa hiyo ploti haiungui. Inazimika yote, na hakuna anayejua ubovu uko jengo gani. Mlinzi anaiwasha tena, inazima tena, na kila jaribio ni kipigo kingine kwenye kebo iliyojeruhiwa. Hatari kubwa zaidi ni hitilafu nusu, ile yenye ukinzani, isiyoangusha volteji vya kutosha kuizima inveta. Hiyo inaweza kupasha kebo moto kimya kimya.

Kwa breka za ngazi, kukata sehemu mbovu pekee kunapatikana Kenya Power ikiwapo, na kwenye betri kunabaki ngazi ya nyumba tu. Kwa shule ya bweni moja hilo linavumilika.

Fyuzi ina dosari ya ziada kwenye fezi tatu: inaweza kukatika moja na nyingine mbili zikabaki. Pampu ya kisima ikiendelea kusukumwa na fezi mbili itaungua, na mota ya kisima kuitoa chini na kuirudisha ni gharama inayoumiza. Ukitumia fyuzi kwenye laini ya pampu, funga na kifaa cha kuangalia fezi.

Relei za mwelekeo hufanya vizuri zaidi, ila kwa subira. Kwenye gridi ndogo volteji huanguka kila mahali kwa pamoja, kwa hiyo relei zote huona dalili moja na zinatofautishwa kwa muda: ya chini inakata kwanza, ya juu inangoja kama sekunde 0.3 zaidi, na kuendelea. Ngazi zikiwa tatu ni karibu sekunde moja, na inveta huenda isingoje. Muda wa inveta kujizima lazima ujulikane kabla ya kupanga relei, si baada. Faida yao dhahiri ni pale sola inapoungwa kwenye majengo mawili au matatu. Shoti ya jengo moja huvuta mkondo kutoka jengo jirani, na breka isiyojua mwelekeo inaweza kulizimia jengo lisilo na kosa.

Relei za kulinganisha hukata sehemu yake bila kungoja, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na majirani hawahisi zaidi ya taa kupepesa.

## Gharama na vipuri

Fyuzi na breka unazipata Luthuli Avenue na mitaa ya jirani siku hiyo hiyo, na hata zikiharibika Jumapili utapata pa kununua. Upatikanaji huo una uzito kuliko tunavyoupa. Upande mbaya ni bidhaa bandia. Nunua kwa msambazaji anayetoa risiti na dhamana, na breka kubwa zijaribiwe kwa mashine ya kusukuma mkondo kabla ya kufungwa.

Relei za mwelekeo zinahitaji vitu vinavyosahaulika kwenye makisio: vipimo vya mkondo, breka yenye koili ya kukata, na betri yake ndogo ya kuilisha relei yenyewe. Betri hiyo si mapambo. Shoti ikiangusha volteji ya ploti, relei inayolishwa na volteji hiyo hiyo inazimika wakati inapohitajika.

Relei za kulinganisha huongeza yote hayo mara mbili, kila ncha ya kebo na yake, pamoja na njia ya mawasiliano. Usikubali waya wa shaba kwa mawasiliano hayo kama unapita nje ya ukuta wako. Uharibifu wa miundombinu ya stima tunaujua: Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere–Embakasi ilianguka na nchi ikazimika. Tumia nyuzi za mwanga (faiba): hazina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na pia hazipitishi radi kutoka jengo moja hadi jingine.

## Nani ataitunza?

Breka anaimudu fundi yeyote mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Relei za mwelekeo zinahitaji mtu anayejua kusoma mipangilio na kuibadilisha inveta ikiongezwa. Ukiongeza kVA 50 mwaka kesho bila kugusa relei, hesabu ya zamani imekufa. Relei za kulinganisha hazibadiliki sana vyanzo vikiongezeka nje ya sehemu yake, na hilo ni pumziko kubwa, lakini mawasiliano yakikatika lazima kuwe na kinga ya akiba, na mtu wa kugundua kwamba yamekatika.

Chochote utakachochagua, dai faili ya mipangilio, kwa karatasi na kwa flashi, ikae ofisini kwako. Bila hiyo, siku mkandarasi akifunga biashara utaanza upya.

## Usichoweza kuchagua

Mambo matatu yanahitajika kwa chaguo lolote, na yakikosekana hakuna relei itakayokuokoa.

La kwanza ni nyutro na ardhi. Ploti inapolishwa na Kenya Power, nyutro imefungwa ardhini upande wa transfoma. Swichi ya kubadilishia inapokata pamoja na nyutro na kuhamia kwenye inveta au jenereta, kifungo hicho kinaachwa nyuma. Kama chanzo kipya hakina chake, fezi ikigusa kabati la chuma hakuna njia ya mkondo kurudi, na ile breka ya kuzuia kuvuja ambayo mafundi huiita RCD haitaanguka. Hitilafu ya pili ikitokea, anayeligusa kabati anaweza kupigwa na stima. Kinachotakiwa ni kifungo cha nyutro na ardhi kinachojiunga wakati wa kujitegemea na kujiachia Kenya Power ikirudi, kimoja kwa wakati mmoja. Hili ndilo jambo ningelikagua kabla ya yote kwenye ploti yenye watoto.

RCD ya milliampea 30 yenyewe haijali udogo wa inveta, kwa sababu inapima tofauti ndogo kati ya kinachokwenda na kinachorudi. Kila nyumba iwe nayo.

La pili ni upande wa betri na paneli. Huko hali ni kinyume: betri za lithiamu hutoa maelfu ya ampea zikipigwa shoti, na mkondo wa DC (unaokwenda upande mmoja tu) haupiti sufuri. Mkondo wa AC (unaogeuka-geuka upande, kama wa Kenya Power) wa hezi 50 hupita sufuri mara 100 kwa sekunde, na hapo ndipo cheche ndani ya breka huzimika. Breka ya AC ikifungwa kwenye DC inaweza kuendelea kuwaka hadi iyeyuke. Upande huu tumia fyuzi za DC zilizoandikwa volteji ya mfumo wako.

La tatu ni kuacha kulisha laini ya Kenya Power inapozimika. Kiwango cha IEEE 1547 kinaweka sekunde 2 kama kikomo. Kuna watu wanaopanda nguzo wakiamini laini imekufa.

## Kwa hali yako

Ploti ya jengo moja au mawili, sola yote imeungwa bodi kuu, inveta chini ya kVA 50 hivi: fyuzi na breka zinatosha, mradi breka za nyumba ziwe aina ya B, za bodi kuu ziwe zenye viwango vya kukata vinavyorekebishika, navyo vishushwe, na RCD ziwepo. Pesa zitakazobaki ziende kwenye ardhi na kwenye fyuzi za DC.

Shule au kanisa lenye majengo kadhaa, sola kwenye mapaa tofauti, na jenereta: hapa relei za mwelekeo na volteji zina maana, hasa kwenye kebo za majengo yenye sola. Ngazi za chini zibaki breka. Kama taasisi haina fundi wa kudumu, mkataba wa kukagua mipangilio kila inveta inapoongezwa uandikwe pamoja na ununuzi.

Kiwanda cha Industrial Area au hospitali yenye kebo ndefu kati ya chumba cha jenereta na vyumba visivyoweza kuzimika: relei za kulinganisha kwa kebo hizo mbili tatu muhimu, na relei za mwelekeo kama akiba. Hakuna haja ya kuzifunga kila mahali.

Ploti yenye wapangaji wanaounga wenyewe, bila ramani ya nyaya: usinunue relei yoyote bado. Lipia uchoraji wa ramani na upimaji wa ukinzani wa nyaya kwanza, kwa sababu kila mpangilio wa relei unatokana na ramani hiyo.

Na aliye na makisio mezani leo, mwombe mkandarasi namba tatu kwa kila bodi: mkondo wa shoti Kenya Power ikiwapo, jenereta ikiwa peke yake, na inveta ikiwa peke yake, pamoja na muda breka itakaochukua kukata katika kila hali. Anayeweza kuzijaza amefanya hesabu. Asiyeweza, mrudishie karatasi azijaze kabla hujalipa amana.